Kadi Zenye Madoa

Mimi ni mwoga. Naanza na hilo msije mkalisikia kwa watu. Nimefundisha tangu ujana mpaka juzi nilipokabidhi funguo za kabati, na katika muda wote huo hakuna Jumatatu niliyoingia darasani bila hofu. Walimu vijana wa shule niliyoiacha wameniomba niwaandikie jinsi nilivyojifunza ile njia ambayo siku hizi kwenye semina mnaiita fikra za usanifu. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vimo kwenye faili, na faili langu si la kusomwa na mtu anayetaka kukaa macho. Nitaandika habari za woga, kwa sababu njia ile niliipata humo humo kwenye woga.

Nilizaliwa Dodoma mjini, binti wa fundi cherehani. Babu zetu walifika huku na misafara ya biashara, wakaoa, wakabaki. Nyumbani kwetu kilisemwa Kiswahili kitupu, na Kigogo chetu kilikuwa cha kununulia kuku sokoni. Nilijiunga na chuo cha ualimu enzi za ruksa, wakati maduka yalipojaa vitu kwa ghafla. Ninyi mmezaliwa mkikuta sabuni dukani, kwa hiyo hamwezi kujua. Sisi tulikuwa tumeizoea foleni ya mche mmoja, halafu siku moja tukaamka kila mwenye duka anatupa maboksi matupu nje: ya sabuni, ya biskuti, ya mafuta ya kupikia. Kwa mwanafunzi wa ualimu boksi tupu lilikuwa mali. Karatasi ngumu ya manila chuoni ilikuwa ya kusikia tu, hivyo zana zote za kufundishia tulizikata kwa wembe kutoka kwenye maboksi. Jioni ungetuona sokoni, walimu watarajiwa wa taifa, tukigombania takataka.

Aliyetufundisha somo la zana alikuwa Mkufunzi Mapunda, mtu mrefu, mkimya, aliyetoka masomoni nje ya nchi na kurudi na mambo yake. Siku ya kwanza aliandika ubaoni maneno matano: Sikiliza, Taja, Waza, Unda, Jaribu. Kisha akageuka.

"Wewe binti uliyejificha nyuma ya mwenzako. Jina lako nani?"

"Zuhura, mwalimu."

"Zuhura, ukitaka kumtengenezea mtoto zana ya kujifunzia kusoma, unaanza na nini?"

"Na boksi, mwalimu."

Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka.

"Boksi linasoma darasa la ngapi?"

Akaeleza kwamba unaanza na mtoto. Unamsikiliza mpaka ujue tatizo lake ni lipi, unalitaja, unawaza njia nyingi, unaunda kitu cha harakaharaka, unampa akijaribie, kinaharibika, unarudi kumsikiliza tena. Na kila mmoja wetu alitakiwa kuwa na daftari la makosa. Kila zana uliyounda, uandike imeshindwa wapi. Zana isiyo na kosa lililoandikwa haikupewa alama.

Niwaambie ukweli, daftari lile lilinitia hofu kuliko mtihani wowote. Sisi tulilelewa kuficha kosa. Tangu darasa la kwanza ukikosea unafuta kwa mate mpaka karatasi itoboke, halafu unasema karatasi ilikuwa mbovu. Leo anakuja mtu anasema leta makosa nikupe alama! Nilihisi ni mtego. Wenzangu wengine walianza kutunga makosa ya uongo, ya heshima heshima, ili daftari lijae. Mimi hata kutunga niliogopa.

Muhula wa mwisho tukapelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Mimi niliangukia shule moja ya kijijini wilayani Kongwa. Kabla ya kuondoka nilipita karakana za Kizota, pale pale mjini, fundi seremala mmoja akanipa vipande vya mbao vilivyobaki kwenye randa, nikasafiri navyo mapajani mpaka nashuka. Nilikuwa nimewaza kutengeneza reli ya kusimamishia kadi za maneno. Mnaona? Mtoto sijamwona bado, lakini reli nimeshaibeba. Ndivyo tulivyo walimu.

Mwalimu Mkuu, Mwalimu Chilongani, alinipokea vizuri. Alikuwa mzee wa kijiji kile kile, shati limepigwa pasi, sauti ya kufika mpaka barabarani. Alinikabidhi chaki sita na fimbo ya mkole iliyokwisha kulainika kwa kushikwa.

"Hizi ndizo zana, binti yangu. Hizo nyingine za chuo utazisimamisha hapo pembeni."

Nikapewa darasa la pili. Humo ndimo nilimomkuta Nyemo. Alikuwa mkubwa kuliko wenzake, kama wa miaka kumi, kwa sababu alikuwa amekwisha kurudia darasa hilo mara moja. Alikaa dirishani, na kila nilipogeuka ubaoni nilihisi ananitazama mkononi, siyo usoni. Mwalimu Mkuu alinieleza habari zake wiki ya kwanza. Mwisho wa muhula, asiyejua kusoma atabaki darasa la pili. Na baba yake Nyemo alikwisha sema: mwaka huu akibaki tena, atabaki nyumbani moja kwa moja, achunge ndama.

"Wala simlaumu," alisema Mwalimu Mkuu. "Ndama nao wanahitaji mtu."

Nikaamua kuwa Nyemo ndiye mtoto wangu wa daftari. Nilifuata maneno matano kama yalivyo. Kwanza, Sikiliza. Niliwaita wanafunzi mezani, mmoja mmoja. Fimbo ilikuwa pale mezani, kwa sababu ndipo mahali pake.

"Nyemo, kusoma kunakupa shida?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Au ni rahisi?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Kadi zitakusaidia?"

"Ndiyo, mwalimu."

Nikaandika kwenye daftari kwamba wanafunzi wanahitaji kadi. Najua mnacheka. Chekeni tu, lakini nendeni mkasome ripoti zenu za mwaka jana.

Kadi za kwanza nilizikata ndogo, waliokaa nyuma hawakuziona. Nikaandika kosa. Za pili nikazikata kubwa, upepo wa Kongwa, ambao mnaujua, ukazipeperusha hadi kwenye shamba la mihogo la shule. Nikaandika kosa. Ndipo nikazisimamisha kwenye ile reli ya Kizota, zikatulia. Kadi arobaini, kila moja na neno lake: maji, shamba, mama, kuku, moto. Daftari langu lilikuwa zuri. Makosa ya upepo na gundi hayamuumi mtu, unayaandika kwa mwandiko safi kabisa.

Na darasa likawaka! Wiki ya tatu nilikuwa nikinyanyua kadi yoyote, mikono inapaa. Nyemo naye akawa anasoma. Nanyanyua, ananong'ona: "Shamba." Nanyanyua nyingine: "Moto." Hakosei hata moja. Mwalimu Mkuu alichungulia mlangoni, akasikiliza, akaondoka akitikisa kichwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikula chakula cha mchana nikiwa sina hofu ya kitu chochote. Haikuchukua muda.

Mkufunzi Mapunda alitoa taarifa kwamba atakuja kunikagua siku ya Ijumaa. Ukaguzi ule ndio uliokuwa unaamua kama utakuwa mwalimu au utarudi kwa baba yako kushona vifungo. Nikaziangalia kadi zangu nikaona aibu. Zilikuwa chafu, moja ina doa la mafuta, nyingine imetafunwa na panya pembeni, nyingine kwenye kona ina nusu ya picha ya biskuti. Mwalimu mmoja alikuwa na manila mbili amezihifadhi tangu zamani, akanipa kwa huruma. Jumatano nikaandika maneno yale yale arobaini, kwa mwandiko ule ule, kwenye kadi nyeupe zinazong'aa. Alhamisi nikaingia nazo darasani.

Nikanyanyua ya kwanza. Hakuna mkono hata mmoja.

Nikanyanyua ya pili, ya tatu. Watoto wananitazama kama mgeni. Nikamwita Nyemo, nikamwonyesha neno "maji", ambalo jana yake alilisoma kabla sijalinyanyua vizuri. Akaikagua kona hadi kona. Nikachukua ile kadi chafu ya "maji" nikaiweka kando ya nyeupe.

"Maji," akasema papo hapo, akinyoosha kidole. Kidole hakikuwa kwenye neno. Kilikuwa kwenye doa la mafuta.

Nilizijaribu zote. Kadi iliyotafunwa na panya ndiyo "shamba". Yenye nusu ya biskuti ndiyo "mama". Iliyokunjika sikio ndiyo "moto". Darasa zima lilikuwa limekariri madoa. Hawa ni watoto wanaokwenda machungani. Ng'ombe wa nyumba nzima, na wa jirani, wanawajua mmoja mmoja kwa mabaka na kwa sikio lilivyokatwa. Kadi arobaini kwao ni zizi dogo tu. Walikuwa wanaogopa fimbo, wakatafuta njia ya kutochapwa, wakaipata. Tatizo walilitatua vizuri kuliko mimi, ila halikuwa tatizo la kusoma.

Hapa ndipo ningependa kuwaandikia kwamba nilifanya la maana. Sikufanya. Niliwaza Ijumaa, niliwaza uso wa baba, niliwaza kurudi mjini watu wananiuliza, "Mwalimu, mbona mapema?" Nikaziweka zile kadi nyeupe chini ya sanduku, na Ijumaa asubuhi nikasimamisha madoa yangu kwenye reli.

Mkufunzi Mapunda alikaa nyuma kwenye dawati la watoto, magoti yakimfika kidevuni. Mwalimu Mkuu alisimama mlangoni. Somo lilikwenda vizuri ajabu. Kila kadi na jibu lake. Nilipomwita Nyemo, akasoma tano mfululizo, na Mwalimu Mkuu akasema kwa sauti ile ya kufika barabarani, "Huyu sasa anapanda!" Watoto wakapiga makofi. Nyemo hakufurahi. Alinitazama, na nikajua kwamba anajua kuwa najua. Tulikuwa watu wawili tunaoficha kitu kimoja, na mmoja wetu alikuwa analipwa posho ya kujikimu.

Baada ya kipindi Mkufunzi akanikalisha kwenye chumba cha walimu. Mbele yake fomu ya ukaguzi, mkononi kalamu nyekundu. Akafungua daftari langu la makosa, akalisoma taratibu, akafika ukurasa wa mwisho.

"Hizi za leo hazina kosa?"

"Hazina, mwalimu."

"Watoto wanasoma?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na huyu mkubwa, Nyemo?"

"Ndiyo, mwalimu."

Kisha akafanya jambo ambalo nimeliiga maisha yangu yote. Aliifunika ile kalamu kofia yake, akaiweka juu ya fomu, akavisukuma vyote viwili mpaka upande wa pili wa meza, mbali asikoweza kufika bila kusimama. Akavuta kiti chake akakaa ubavuni kwangu badala ya mbele yangu.

"Samahani," akasema. "Nimekuuliza huku nimeshika fimbo. Hebu tuanze upya. Nyemo anajua kusoma?"

Nikalia. Nililia kwa sauti mpaka mwalimu wa darasa la nne akaja kuchungulia. Nikamweleza yote, madoa, panya, biskuti, manila iliyoko chini ya sanduku. Nilipomaliza nilingoja aisogelee kalamu. Hakuisogelea.

"Uliwasikiliza watoto wakati fimbo iko wapi?"

"Mezani."

"Basi hukuwasikiliza. Hilo ndilo kosa lako la kwanza, na hujaliandika." Akasimama. "Zimebaki wiki mbili. Nitarudi. Lakini Mwalimu Mkuu utamwambia wewe, leo. Huyo mtoto akipanda hivi, atazama huko mbele."

Kumwambia Mwalimu Mkuu! Nilizunguka ofisi yake mara tatu kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilipoingia nilisema shikamoo mara mbili. Alinisikiliza bila kunikatiza, na uso ukazidi kuwa mgumu.

"Kwa hiyo nimetangaza uongo mbele ya watoto."

"Mimi ndiye niliyekudanganya, mwalimu. Nisamehe."

"Ijumaa ya mwisho nitampima mwenyewe," akasema. "Kwa chaki yangu, ubaoni. Akishindwa, baba yake nitamwita siku hiyo hiyo."

Nilirudi nikijua nimemweka Nyemo pabaya kuliko nilivyomkuta. Asubuhi alikuwa anapanda kwa uongo. Sasa, kwa ukweli wangu, huenda anakwenda nyumbani. Sijawahi kuogopa kwa ajili ya mtu mwingine kama nilivyoogopa wiki zile mbili.

Jambo la kwanza nilipeleka fimbo nje, nikaichomeka darini kwenye ubaraza. Jambo la pili nilimfuata Nyemo alikokuwa anachunga ndama baada ya masomo, nikakaa chini kwenye vumbi na gauni langu la mjini. Siku ya kwanza hakusema kitu. Ya pili vilevile. Siku ya tatu nilimwuliza swali ambalo kweli sikuwa na jibu lake.

"Nyemo, wale ndama wawili wekundu wamefanana. Unawajuaje?"

Akaniangalia kwa kunionea huruma. "Hawajafanana, mwalimu. Yule sikio limekatwa kwa mbele. Yule kwa nyuma."

"Na wangekuwa hawana rangi kabisa?"

"Ningetazama masikio na pembe tu."

Nikachora herufi kwa kidole vumbini. Vumbi halina doa la mafuta. Nikamwambia hizi ni ndama wa rangi moja, wote. Nitafutie masikio yao. Akachuchumaa. Hii ina mkia chini, akasema. Hii ina tumbo. Hii imesimama peke yake ina kitone kichwani. Herufi nyingi alikuwa nazo kichwani tangu mwaka wa kwanza, zimejifungia humo kwa hofu, zikawa zinatoka mojamoja kuchungulia kama fimbo imeondoka kweli. Sikumfundisha kusoma kwa wiki mbili, msije mkanisifia uongo. Nilimfuata machungani kila siku, tukachora, tukafuta, na daftari langu likajaa makosa ambayo mwandiko wake si mzuri.

Ijumaa ilifika. Mwalimu Mkuu aliingia na chaki mkono mmoja, na fimbo yake mwenyewe mkono wa pili. Mkufunzi Mapunda alikuwa nyuma kwenye lile dawati. Nyemo akasimama mbele ya ubao, akaitazama fimbo, na nikamwona anaondoka huku amesimama palepale. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuona kitu. Nikajua hata jina lake hatalisoma.

Sijui miguu ilinipelekaje. "Mwalimu," nikasema, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine, "naomba fimbo nikuhifadhie nje."

Mwanafunzi wa chuo, binti wa mjini, anamnyang'anya Mwalimu Mkuu fimbo mbele ya watoto wake! Alinitazama muda ambao mpaka leo sijamaliza kuuhesabu. Kisha akanipa. Nilitoka nayo nje, nikaichomeka darini kando ya ile yangu, nikarudi.

Mwalimu Mkuu akaandika ubaoni: Mama anateka maji.

Nyemo akasogea karibu. Akafuatisha kwa kidole hewani, herufi kwa herufi. "Ma... ma. Mama. A... na... te... ka." Akasogeza kidole. "Ma... ji. Maji."

Mwalimu Mkuu hakuridhika. Alikwisha danganywa mara moja. Akaligonga neno la mwisho kwa chaki na kukunja uso.

"Hapa nimeandika maziwa. Sivyo?"

Nilifumba macho. Nililijua jibu. Nilikuwa nimelisikia muhula mzima, na nimelitoa mwenyewe kwa kinywa changu. Darasa lote lilikuwa limekwisha kulifungulia midomo.

"Hapana, mwalimu," akasema Nyemo. Alikuwa analia. "Maji."

Mwalimu Mkuu akaweka chaki chini, akajipangusa vumbi mikononi, na akaenda ofisini kuandika jina lake kwenye orodha ya darasa la tatu. Mimi niliambiwa nimepita wiki chache baadaye. Nilifurahi, lakini si kama siku ile.

Juzi mlinifanyia sherehe ya kuniaga, mkanipa khanga na saa ya ukutani. Mkaniomba niseme machache kuhusu njia hii. Nikasimama mbele yenu na cheti changu cha utumishi mkononi, nikaeleza maneno matano, nikawauliza kama mmenielewa. Mkaitikia wote kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu."

Nikaogopa kama Alhamisi ile ya Kongwa. Ndiyo sababu nimeandika haya. Sasa sina cheo, sina kalamu nyekundu, wala ripoti ya mtu yeyote haipiti kwangu. Niko nyumbani Kikuyu, hapa hapa Dodoma, nakaa ubarazani kuanzia alasiri. Yeyote mwenye "hapana" yake aje nayo, nitamvutia kiti cha ubavuni.